Mkato Huu Ubaki au Uondoke? Kutatua Makosa ya Vishazi vya Nyongeza Katika Kiingereza

Tatizo hili huwakuta hata watu wanaoandika Kiingereza kizuri. Msamiati upo, nyakati za vitenzi zimekaa sawa, lakini mikato inayozunguka *who*, *which* na *where* inawekwa kwa kubahatisha. Ripoti inarudi kutoka kwa mhariri imejaa wekundu: hapa mkato umeongezwa, pale umefutwa, na ukizitazama sentensi zote mbili huoni zinatofautianaje. Tofauti ipo, ila mara nyingi haiko kwenye maneno yenyewe. Iko kwenye kile ambacho msomaji anakijua kabla hajafika kwenye *who*.

Nimepanga mwongozo huu kwa malalamiko, kama ninavyoyasikia kutoka kwa watu ninaowahariria kazi zao. Tafuta lako, lakini sehemu ya kwanza isome hata kama unaona haikuhusu, maana nyingine zote zinaiegemea.

"Hapa anaongeza mkato, pale anafuta. Sioni kanuni."

Tuseme SACCOS inaandaa mkutano mkuu, na tangazo linabandikwa ukutani kwa Kiingereza. Linaweza kuandikwa hivi:

*Members who have not paid their contributions will not vote.*

Au hivi:

*Members, who have not paid their contributions, will not vote.*

La kwanza linawagawa wanachama mafungu mawili, waliolipa na wasiolipa, kisha linawazuia wasiolipa. Maneno *who have not paid their contributions* ndiyo yanayotuambia ni wanachama wepi. Yakiondoka, kinachobaki ni *Members will not vote*, na mkutano hauna sababu ya kufanyika. Hicho ni kishazi cha lazima, na hakiwekewi mkato.

La pili linasema wanachama wote hawajalipa, na kwa hiyo hakuna atakayepiga kura. Mikato miwili imekiondoa kishazi kwenye kazi ya kuchagua. Kimebaki habari ya pembeni kuhusu kundi ambalo limekwisha kutajwa lote. Hicho ndicho kishazi cha nyongeza. Mwenyekiti aliyebandika tangazo la pili amewafuta wapiga kura wake wote, na mwanachama mmoja mkorofi anayejua Kiingereza anatosha kusimama mkutanoni na kulisoma kama lilivyo.

Chanzo cha mkanganyiko huu kwetu kinaeleweka. Kiswahili hakitulazimishi kutenganisha aina hizi mbili kwenye maandishi. "Wanachama ambao hawajalipa" inaweza kuwa ya kuchagua au ya kuongeza habari; muktadha unamaliza kazi, na mkato wengi wetu tunauweka pale pumzi inapokatika. Ndivyo tulivyofundishwa: mkato ni pumziko fupi, nukta ni pumziko refu. Ukiibeba kanuni hiyo ya pumzi hadi kwenye Kiingereza utapatia mara nyingine na kukosea mara nyingine, na hutajua ni lini.

Tiba ni swali moja. Isome nomino, simama kabla ya *who* au *which*, ujiulize: msomaji ameshajua ni yupi? Kama ameshajua, kwa sababu ni jina la mtu au la mahali, au ni kitu kilicho kimoja tu, au kilishatajwa juu, basi kinachofuata ni nyongeza na kinahitaji mikato. Kama bado anauliza "yupi?", mkato hauna nafasi.

*Wangari Maathai, who founded the Green Belt Movement in 1977, won the Nobel Peace Prize in 2004.*

*The woman who founded the Green Belt Movement won the Nobel Peace Prize in 2004.*

Katika sentensi ya juu jina limeshamaliza utambulisho. Ya chini inaanza na *the woman*, na wanawake ni wengi. Bila kishazi hatujui anazungumziwa nani.

Vitabu vingi vya sarufi vinatoa kipimo kingine: kifute kishazi, uone kama sentensi bado inasimama. Binafsi sikiamini sana. Chukua *The report which we submitted in June was rejected*. Ukifuta katikati inabaki *The report was rejected*, Kiingereza safi kabisa, na mwanafunzi anahitimisha kwamba kishazi kilikuwa cha ziada. Lakini kama ofisi ilipeleka ripoti tatu mwaka huo, msomaji hajui tena ni ipi iliyokataliwa. Kufuta kunapima kama sentensi ina kiima na kitenzi. Hakupimi kama msomaji bado yuko pamoja nawe.

Kuna maneno ambayo hayakuhitaji ufikirie hata kidogo. *Anyone*, *everyone*, *nobody* na *those* hayamtambulishi mtu yeyote yenyewe, kwa hiyo *who* inayofuata ni ya lazima karibu siku zote. *Anyone, who arrives late* ni kosa popote utakapoliona. Kwa upande wa pili, majina ya pekee huenda na mikato, isipokuwa pale unapoligawa jina lenyewe: *The Zanzibar that my grandparents knew* haina mkato, kwa sababu unaichagua Zanzibar ya enzi moja na kuiacha ya enzi nyingine.

"Nina kaka watatu. Niandikeje?"

*My brother who lives in Mombasa is a pilot.*

*My brother, who lives in Mombasa, is a pilot.*

Ya kwanza inasema una kaka zaidi ya mmoja, na wa Mombasa ndiye rubani. Ya pili inasema kaka yako ni mmoja tu, na kuishi kwake Mombasa ni habari ya kupitia. Hapa mhariri hawezi kukusaidia chochote, maana hajui kwenu mmezaliwa wangapi. Zote mbili ni Kiingereza sahihi. Iliyo ya kweli unaijua wewe peke yako.

Ni hapa pia undugu wetu unapogongana na hesabu ya Kiingereza. Mtu aliyelelewa na mama mzazi, mama mkubwa na mama mdogo anaweza kuandika *my mother who lives in Tanga* bila mkato, na kwa namna alivyokua ana haki: mama ni zaidi ya mmoja na anamtaja yule wa Tanga. Msomaji wa Kiingereza kwa kawaida anahesabu *mother* mmoja kwa kila mtu, kwa hiyo anachokiona ni mkato uliosahaulika. Kwenye barua ya maombi ya chuo au ya viza, andika *my aunt* kwa mama mdogo, kisha amua mkato kwa idadi ya hao shangazi na mama wadogo, ambao Kiingereza kimewaweka wote chungu kimoja. Kwa baba mdogo na *my uncle* ni vivyo hivyo.

Na mke je? Ukifuata kanuni kwa ukali, *my wife Asha* bila mikato inamaanisha wapo wengine, na *my wife, Asha,* inamaanisha ni yeye tu. Wahariri wengi hawajisumbui nayo, kwa kuwa jina fupi likifuata neno la undugu limezoeleka kwenda bila mkato. Ila mwenye wake wawili asiandike *My wife, Asha,* kwenye karatasi ambayo mke wa pili anaweza kuisoma.

"Mkato nimeuweka, bado naambiwa sentensi ni mbovu."

Inawezekana umeweka mmoja.

*Mount Kilimanjaro, which rises to 5,895 metres attracts climbers from all over the world.*

Nyongeza imefunguliwa haijafungwa. Mikato ya nyongeza huenda kwa jozi, na wa pili unakaa pale kishazi kinapoishia, kabla tu ya kitenzi kikuu: *Mount Kilimanjaro, which rises to 5,895 metres, attracts climbers*. Kosa hili linazidi kadiri kishazi kinavyorefuka, kwa sababu mwandishi akifika mwisho ameshasahau kwamba alifungua.

Ndugu yake ni huyu:

*Students who fail the final examination twice, must repeat the year.*

Huu mkato ni wa pumzi. Kiima kimekuwa kirefu, mwandishi akafika *twice* akachoka, akaweka alama. Kishazi chenyewe ni cha lazima, kwa hiyo hakuna cha kufunga wala kufungua. Kwenye kazi za watu wetu naliona kosa hili kuliko jingine lolote katika orodha hii, na hata walimu wa chuo kikuu wanalo.

Tiba ni kuhesabu. Kati ya kiima na kitenzi chake, ukiacha mikato ya kuorodhesha vitu, panatakiwa pasiwe na mkato hata mmoja au pawe na miwili. Ukikuta mmoja, ama umesahau mwenzake ama umepumua. Nyongeza inapokuwa mwishoni mwa sentensi, nukta ndiyo inayofunga: *She works in Dodoma, where Parliament sits.*

Wanaodhani hizi ni kelele za walimu wafikirie kilichotokea Kanada. Kampuni ya Rogers ilikuwa na mkataba wa kutumia nguzo zilizokuwa chini ya kampuni ya Aliant. Mkataba ulisema utadumu miaka mitano, kisha baada ya mkato ukaendelea: *and thereafter for successive five (5) year terms, unless and until terminated by one year prior notice in writing by either party*. Rogers walielewa kwamba miaka mitano ya mwanzo haiguswi, na kwamba ilani ya mwaka mmoja inahusu vipindi vya baadaye. Aliant wakauonyesha mkato ulio baada ya *terms*: maneno kuhusu vipindi vya baadaye yamefunguliwa na kufungwa kwa mikato, kwa hiyo ni ya pembeni, na *unless* inarudi kushika mkataba mzima, hata ile miaka mitano ya kwanza. Mwaka 2006 tume inayosimamia mawasiliano nchini humo ilikubaliana na Aliant. Mwaka 2007 ikageuza uamuzi, baada ya kutazama maandishi ya mkataba huo kwa Kifaransa, ambayo hayakuwa na utata huo. Hapo hapana *who* wala *which*, lakini jozi ya mikato ilifanya kazi ileile: iliyainua maneno na kuyaweka kando.

"Programu inanipigia mstari chini ya *which*."

Umeandika:

*The laptop which I bought last month is already slow.*

Programu ya kukagua sarufi inapiga mstari na kukupa njia mbili: ongeza mkato kabla ya *which*, au badilisha *which* iwe *that*. Wengi wanabofya ya kwanza, kwa kuwa inaonekana haibadilishi neno. Kwa kweli ndiyo inayobadilisha zaidi. Sasa una *The laptop, which I bought last month*, yaani kompyuta inajulikana, na habari ya kununuliwa kwake ni ya kupitia. Wakati mwingine programu inaweka mkato wa kufungua tu na kukuachia wa kufunga, na kosa moja ambalo halikuwapo limezaa mawili.

Mstari huo unatokana na mazoea ya wahariri wa Marekani: *that* kwa kishazi cha lazima, *which* kwa cha nyongeza. Aliyelipigia debe wazo hilo alikuwa Mwingereza, H. W. Fowler, katika kamusi yake ya matumizi ya Kiingereza iliyotoka 1926, na yeye mwenyewe alikiri kwamba waandishi wengi, wakiwamo walio bora, hawaandiki hivyo. Wamarekani ndio walioishika kama sheria. Uingereza, na shule zetu zilizofuata Kiingereza cha huko, *which* bila mkato kwa kishazi cha lazima ni sahihi kabisa.

Kwa hiyo, nenda kwenye mipangilio uchague Kiingereza cha Uingereza. Hilo peke yake linaweza kuuondoa mstari. Kama unaandikia jarida la Marekani, badilisha iwe *that*. Mkato usiuguse mpaka umejibu lile swali la "ipi?".

Kosa la upande wa pili halina utetezi bara lolote:

*The TAZARA railway, that was built between 1970 and 1975, runs from Dar es Salaam to Kapiri Mposhi.*

Kishazi ni cha nyongeza, jina limeshaitambulisha reli, mikato imekaa mahali pake. Kilichoharibika ni *that*. Baada ya mkato wa nyongeza tumia *which* kwa vitu na *who* kwa watu. Kwetu kosa linakuja kirahisi kwa kuwa *amba-* inafanya kazi zote bila kuuliza.

"Jina na cheo vinanichanganya."

Vinachanganya hata magazeti. Kosa la kwanza linafanana sana na vichwa vya habari vya Kiswahili, ambapo cheo na jina hufuatana bila kitu katikati:

*The first president of Tanzania Julius Nyerere died in London in 1999.*

Rais wa kwanza ni mmoja. Ukishasema *the first president of Tanzania* msomaji amejua ni nani, jina linakuja kama nyongeza, kwa hiyo: *The first president of Tanzania, Julius Nyerere, died in London in 1999.* Lakini *President Julius Nyerere* haina mkato, maana cheo kimekuwa sehemu ya jina.

Kosa la pili ni la watu waliojifunza tiba ya la kwanza wakaimwaga kila mahali. Kwenye kurasa za michezo za Afrika Mashariki haliishi:

*Kenyan runner, Eliud Kipchoge, ran the marathon distance in under two hours in Vienna in 2019.*

Wakimbiaji wa Kenya hawana idadi. *Kenyan runner* haijamtambulisha mtu; jina ndilo linalomtambulisha, kwa hiyo ni la lazima na mikato inaondoka: *Kenyan runner Eliud Kipchoge ran...* Ukipenda mikato, geuza mpangilio: *Eliud Kipchoge, a Kenyan runner, ran...* Jina likitangulia, maelezo yanayofuata karibu siku zote ni nyongeza. Maelezo yakitangulia, uliza wangapi wanaoenea ndani yake.

*The novelist Abdulrazak Gurnah was born in Zanzibar.*

*The winner of the 2021 Nobel Prize in Literature, Abdulrazak Gurnah, was born in Zanzibar.*

Waandishi wa riwaya ni wengi. Aliyepata Nobeli ya Fasihi mwaka 2021 ni mmoja. Mtu ni yuleyule, na kilichoamua mkato ni ukubwa wa kundi alilowekwa.

"*Most of them are women*: nimeambiwa nimeunganisha sentensi mbili."

*The group has forty members, most of them are women.*

Kwa Kiswahili sentensi hii haina doa: "Kikundi kina wanachama arobaini, wengi wao ni wanawake." Mkato wa Kiswahili unaweza kubeba sentensi mbili kamili mgongoni bila mtu kulalamika. Wa Kiingereza hauwezi. *Most of them are women* ina kiima chake na kitenzi chake, na mkato peke yake hautoshi kuishikilia.

Una njia tatu. Geuza *them* iwe *whom*, na sentensi ya pili inakuwa kishazi cha nyongeza: *forty members, most of whom are women*. Au ondoa kitenzi: *forty members, most of them women*. Au kubali ni sentensi mbili, weka nukta. Kwa vitu ni *which*: *The district has ninety schools, many of which lack water.* Raha ya mtindo huu ni kwamba hauhitaji kuamua chochote kuhusu mkato. *Most of whom*, *some of which*, *none of whom*: hizi hutanguliwa na mkato daima.

Jirani yake ni *my former teacher, whom I respect him very much*. Mikato iko sawa, *him* ndiyo imezidi. Kwetu kitenzi kinambeba mtendwa ndani yake, "ninamheshimu", hata kirejeshi kikiwapo. Kwa Kiingereza *whom* imeshaifanya kazi hiyo, na *him* inakuwa mtu wa pili kwenye kiti kimoja.

"*Which* yangu haishiki neno lililo nyuma yake."

*The bus broke down at Chalinze which made us miss the interview.*

Bila mkato, lawama zinaiangukia Chalinze. Unachotaka kusema ni kwamba kuharibika kwa basi ndiko kulikowachelewesha, yaani *which* inabeba tukio zima lililotangulia. *Which* ya aina hiyo ni ya nyongeza siku zote: *The bus broke down at Chalinze, which made us miss the interview.*

Wakati mwingine mkato upo na sentensi bado inayumba:

*The manager approved the new timetable, which nobody expected.*

Ambacho hakikutarajiwa ni ratiba au ni idhini ya meneja? Hapo usipoteze muda na alama za uandishi. Andika upya: *Nobody expected the manager to approve the new timetable.* Na ukikuta umeweka nukta halafu ukaanza sentensi na *Which made us miss the interview*, irudishe kwenye mwili wake. Kwenye matangazo ya biashara na riwaya inapita. Kwenye ripoti na tasnifu itarudishwa.

"Nyongeza yangu ina mikato ndani yake."

*Three towns, Arusha, Moshi and Tanga, will receive new ambulances.*

Kanuni haijavunjwa, ila msomaji anaanza kuhesabu: miji mitatu, na Arusha, na Moshi, na Tanga, jumla sita? Anagundua akifika *will* na kurudi nyuma. Tumia vistari virefu: *Three towns — Arusha, Moshi and Tanga — will receive new ambulances.* Ukifungua kwa kistari funga kwa kistari. Kufungua kwa kistari na kufunga kwa mkato ni kosa ambalo macho huliruka. Na kistari kifupi cha kuunganishia maneno, kile cha *well-known*, hakifai hapa. Mabano nayo yanaruhusiwa. Mimi huyatumia kwa nyongeza ninayotaka isomwe kwa sauti ya chini, tarakimu za miaka na vifupisho kwa mfano, na vistari kwa ninayotaka isikike.

Mengine, kwa kupitia tu

*Where* na *when* zinafuata swali lilelile. *In 1964, when Tanganyika and Zanzibar united, he was still at school* ina mikato, kwa kuwa mwaka unajulikana. *The year when Tanganyika and Zanzibar united* haina.

Vitenzi vya *-ing* pia: *The workers, fearing dismissal, signed the form* ni wafanyakazi wote, *The workers fearing dismissal signed the form* ni wale waoga tu.

*Because* baada ya kukanusha ni mtego wa peke yake. *He did not resign because of the rumours* inasomeka kwamba amejiuzulu, ila sababu si uvumi. *He did not resign, because the board asked him to stay* inasema hakujiuzulu, na sababu ni hiyo. Kwenye taarifa kwa vyombo vya habari usiiache ya kwanza ilivyo, hata kama kukosa kwake mkato ni sahihi. Andika wazi aliondoka au hakuondoka.

Ukiwa na kurasa mia za kusahihisha kabla ya kesho

Usisome kuanzia mwanzo. Fungua sehemu ya kutafuta maneno na uanze na mkato unaofuatiwa na *that*. Yatatoka machache, na mengi yatakuwa makosa, ukiacha *that is* yenye maana ya "yaani" na zile ambapo mkato wa kwanza unafunga kitu kingine. Kisha tafuta mkato unaofuatiwa na *which*, halafu unaofuatiwa na *who*, na katika kila kimoja macho yaende mbele kutafuta pa kufungia. Hii ndiyo kazi kubwa, na ndiyo inayolipa zaidi. Baada ya hapo tafuta *of them*, uzione zile zinazotakiwa kuwa *of whom* na *of which*. Majina na vyeo yaache mwisho, maana hayo yanahitaji kusomwa. Hakuna neno moja la kuyatafutia.

Zitabaki sentensi ambazo jibu lake hulijui, kwa sababu linategemea ukweli ulio nje ya ukurasa. *The clinic which opened in March* au *The clinic, which opened in March*? Kama kazi si yako, usiamue kwa sikio. Mwandikie mwenye kazi pembeni, kwa Kiswahili cha kawaida: zahanati ziko ngapi?